Mtoto wa mbwa kavunjika mguu wa mbele: plasta, vyuma vya nje au bamba?

Mtoto wa mbwa wa miezi minne akigongwa na bodaboda, au akiponyoka mikononi mwa mtoto na kuangukia sakafu ya vigae, mwenye mbwa huuliza bei kwanza. Plasta shilingi ngapi, operesheni shilingi ngapi? Ni swali halali, maana fedha ya matibabu inatoka kwenye mfuko uleule wa ada na kodi ya nyumba. Ila bei peke yake haiwezi kukuchagulia. Kinachochagua ni mfupa gani umevunjika, umevunjikia sehemu gani, na mbwa ana umri na uzito gani. Plasta inayomponya mbwa wa kienyeji mwenye miezi mitatu inaweza kumwacha Chihuahua na mfupa ambao hautaunga kamwe.

Niweke msimamo wangu wazi mapema. Kwa mbwa anayekua, hofu kubwa si kwamba mfupa utakataa kuunga. Mara nyingi unaunga haraka mno, na ukiunga umepinda, kuunyoosha baadaye ni kazi kubwa kuliko ile uliyoikwepa mwanzoni. Chini ya miezi mitatu, mfupa ulioshikiliwa vizuri kwa pini au vyuma vya nje unaweza kuunga ndani ya wiki mbili hadi tatu. Kati ya miezi mitatu na sita huchukua kama wiki nne hadi sita. Mbwa mzima huhitaji miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo ile "tuangalie wiki ijayo", ambayo kwa mbwa mzima haina madhara makubwa, kwa mtoto inakula theluthi ya muda wote ulionao.

Kwanza mbwa, ndipo mfupa

Aliyegongwa na pikipiki au gari hapelekwi moja kwa moja kwenye meza ya upasuaji. Mfupa wa juu ya kiwiko, humerasi, umelala ubavuni kabisa mwa kifua, na kishindo kilichouvunja mara nyingi kimepita pia kwenye mapafu. Damu huweza kuvilia ndani ya pafu, au hewa ikavujia kifuani. Daktari akikwambia operesheni isubiri siku moja au mbili mpaka mbwa apumue sawasawa, mwamini. Nusu kaputi juu ya mapafu yaliyojeruhiwa ni hatari kuliko mguu uliovunjika. Mfupa uliotoboa ngozi ni habari nyingine: funika kidonda kwa kitambaa safi na afike kwa daktari siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kuzuia vijidudu zina maana zaidi zikianza mapema.

Njiani, mvunjiko ulio chini ya kiwiko unaweza kuushikilia kwa pamba nyingi na banzi la kadibodi ngumu, kuanzia kwenye vidole hadi kupita kiwiko. Ulio juu ya kiwiko usiufunge. Bandeji haiwezi kufika begani ikashika, kwa hiyo inaishia kuning'inia chini ya mvunjiko na kuuvuta. Mlaze kwenye boksi tu. Na tafadhali, usimpe diclofenac wala ibuprofen ya nyumbani. Tumbo la mbwa hutoka vidonda na figo hudhurika kwa dozi ambayo wewe unaiona ndogo. Zipo dawa za maumivu za mbwa, kama meloxicam, na daktari ndiye anayepima dozi kwa uzito wake.

Kisha picha za eksirei: moja ya mbele na moja ya ubavu, na mguu mzima wa upande wa pili nao upigwe. Hili la mwisho wengi hulikataa ili kuokoa fedha, na mimi naona ni fedha inayorudi. Karibu na kila ncha ya mfupa wa mbwa anayekua kuna gegedu la ukuaji, tabaka laini ambalo mfupa hurefukia hapo, na kwenye picha huonekana kama mstari mweusi. Bila mguu wa kulinganisha, mtu anaweza kuuona mstari huo akadhani ni ufa, au akaona ufa akadhani ni gegedu.

Plasta: inapofaa na inapodanganya

Plasta ngumu ya P.O.P. au ya nyuzi za kioo (fiberglass) ina sharti moja lisiloepukika: ishike kiungo cha juu na kiungo cha chini ya mvunjiko. Sharti hilo peke yake linaiondoa humerasi kabisa, kwani hakuna plasta inayolituliza bega la mbwa. Zinabaki radiasi na ulna, ile mifupa miwili ya chini ya kiwiko, pamoja na mifupa midogo ya kitanga.

Mtoto wa mbwa wa wastani au mkubwa, chini ya miezi sita, aliyevunjika radiasi katikati huku ulna ikiwa nzima, ndiye mgonjwa wa plasta. Ulna yenyewe inakuwa banzi la ndani. Vivyo hivyo kwa mfupa uliopinda na kupasuka upande mmoja tu, kama kijiti kibichi. Hapo kukimbilia kisu ni kumwongezea mbwa jeraha bila sababu. Kipimo tunachotumia ni hiki: baada ya kuuvuta mfupa na kuurudisha mahali pake, vipande vigusane angalau nusu ya upana wao kwenye picha zote mbili. Picha moja ikionyesha nusu na nyingine ikaonyesha robo, plasta imekwishakataliwa.

Inapodanganya ni kwa vijibwa vya ndani: Chihuahua, Pomeranian, Yorkshire Terrier, Toy Poodle. Hawa huvunjika radiasi na ulna zote mbili, karibu na kifundo (kiungo kilicho juu ya kitanga), kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Mfupa wenyewe una unene wa penseli au pungufu, eneo la kugusana ni dogo mno, nyama inayouzunguka ni chache, na mishipa ya damu inayofika theluthi ile ya chini ni haba kuliko kwa mbwa wakubwa. Plasta haiwezi kuzuia mtikisiko mdogo wa ndani, na mtikisiko mdogo kwenye mfupa mwembamba hivyo ni mkubwa. Wengi wao huishia na mfupa usiounga au uliounga kombo, hata kama plasta ilifungwa na mkono hodari. Mwenye mbwa wa aina hii akiambiwa "tujaribu plasta kwanza, ikishindikana tutapasua", akatae. Baada ya wiki sita za kujaribu, mfupa umesinyaa, ncha zake zimechongoka, na operesheni iliyokuwa nyepesi imekuwa ngumu.

Halafu kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti ya kwanza. Mbwa wa miezi mitatu anakua kila siku ndani ya plasta isiyokua. Inabidi ikaguliwe kila wiki na kubadilishwa mara kwa mara, na kila kubadilisha kunahitaji dawa ya kumtuliza. Jumlisha kabla ya kuiita rahisi. Nyumbani, acha kucha mbili za kati zionekane na uziangalie asubuhi na jioni: zikianza kuachana, vidole vinavimba. Sogeza pua kwenye mdomo wa plasta kila siku. Harufu ya uvundo, plasta iliyolowa, au mbwa aliyeanza kuing'ata ghafla ni safari ya kliniki leo, si kesho. Kidonda cha kubanwa huanza kimyakimya nyuma ya kifundo na kwenye ncha ya kiwiko.

Plasta ikitolewa, usishtuke ukiona kifundo kimelegea na mbwa anakanyaga kama bapa. Viungo vya watoto hulegea vikifungwa muda. Matembezi mafupi kwenye ardhi ngumu isiyoteleza huvirudisha, kwa kawaida bila dawa.

Vyuma vya nje na bamba

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu kweli, maana njia zote mbili ni nzuri.

Vyuma vya nje ni pini zinazopita kwenye ngozi hadi kwenye mfupa, mbili au zaidi juu ya mvunjiko na mbili au zaidi chini yake, kisha ncha za nje zinaunganishwa kwa fimbo na vibano, au kwa akriliki kama ile ya mafundi meno. Fikra hii inadaiwa sehemu yake na mbwa wenyewe. Otto Stader, daktari wa wanyama wa Pennsylvania nchini Marekani, alitengeneza kifaa chake cha vyuma vya nje kwa ajili ya mbwa katika miaka ya 1930, na Jeshi la Majini la Marekani likakitumia kwa mabaharia waliovunjika wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mara nyingi tunadhani tiba za wanyama ni makombo ya hospitali za watu. Hii ilitembea kinyume.

Faida yake kwa mbwa anayekua ni ya wazi. Mvunjiko haulazimiki kufunguliwa sana, kwa hiyo damu inayoulisha mfupa inabaki. Pini zinaweza kukaa mbali na gegedu la ukuaji. Kidonda cha mfupa uliotoboa ngozi unaweza kukisafisha kila siku huku mfupa umetulia. Na mfupa ukishaunga, vyuma vyote vinatoka kwa dawa ya usingizi mwepesi, bila kisu cha pili. Mbwa anabaki na mfupa wake tu, uendelee kukua utakavyo. Vifaa navyo ni nafuu kuliko bamba, na vibano na fimbo vikisafishwa vinatumika tena.

Ubaya wake uko nyumbani kwako. Pini zinachuruzika majimaji, na unatakiwa kuzisafisha kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, au dawa utakayopewa. Ukoko mkavu kidogo kuzunguka pini ni kawaida. Usaha, uwekundu unaopanda, au mbwa aliyekuwa akikanyaga na sasa ananyanyua mguu si kawaida. Kifaa chenyewe hunasa kwenye wavu wa banda, kwenye pazia, kwenye suruali ya mgeni. Mbwa anayelala nje na wenzake watatu wanaochezeana kutwa hafai kuwekewa vyuma hivi kama huna chumba cha kumtenga. Na kwa kijibwa cha kilo mbili aliyevunjikia karibu kabisa na kifundo, kipande cha chini hakina nafasi ya pini za kutosha.

Hapo bamba linashinda. Bamba la chuma linalazwa juu ya radiasi na kubanwa kwa skrubu, kwa kawaida tatu kila upande nafasi ikiruhusu. Kipande cha chini kikiwa kifupi, lipo bamba la umbo la T linaloruhusu skrubu mbili kukaa sambamba. Mfupa unarudishwa mahali pake kwa macho, si kwa kukisia chini ya ngozi, na mbwa huanza kukanyaga ndani ya siku chache. Hakuna cha kusafisha kila siku isipokuwa mshono. Kwa mwenye kazi ya kutoka alfajiri na kurudi usiku, hilo ni jambo la maana.

Lakini bamba linadai chumba safi cha upasuaji, mashine ya kutobolea, na skrubu za milimita 1.5 au 2. Ukubwa huo hauko kwenye kila kliniki, na bamba kubwa kupita kiasi juu ya mfupa mdogo ni kosa lenye sura ya uimara: linabeba uzito wote, mfupa chini yake unakondeana kwa kukosa kazi, na siku likitolewa mfupa huweza kuvunjika upya. Mfupa wa mtoto ni laini pia, skrubu inaweza kulegea. Na bamba likiachwa kwa mbwa aliyebakiza miezi mingi ya kukua, mara nyingi inabidi litolewe, yaani nusu kaputi ya pili. Uliza hilo kabla ya kukubaliana bei: je, kutoa bamba kumo ndani ya hesabu?

Nikipewa kuchagua: kijibwa chini ya kilo tano hivi aliyevunjika radiasi na ulna karibu na kifundo, bamba, hata kama ni kusafiri kulifuata. Mbwa wa wastani au mkubwa wa miezi mitatu hadi sita, mfupa umesagika au umetoboa ngozi, vyuma vya nje. Mvunjiko wa katikati uliogawanyika mara mbili kwa mbwa mkubwa wa miezi minane, lolote kati ya haya mawili ambalo daktari wako amelizoea zaidi. Mkono uliozoea kifaa una thamani kuliko kifaa. Hospitali za vyuo vinavyofundisha udaktari wa wanyama, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kule Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete au Makerere jijini Kampala, ni mahali pa kuanzia kuuliza nani anapasua mifupa ya mbwa na ana vifaa vya ukubwa gani.

Pini ya ndani ya mfupa

Ni njia ya bei nafuu na ndiyo inayopendekezwa haraka. Kwa humerasi iliyovunjika katikati ya mtoto wa mbwa, nakubali, hasa ikisaidiwa na vyuma vya nje viwili vitatu kuzuia mfupa usizunguke. Kwa radiasi, hapana. Tundu lake la ndani ni jembamba na bapa, na ili pini iingie ni lazima ipite kwenye kiungo cha kifundo na kukiharibu. Ukiambiwa radiasi ya mbwa wako itawekwa pini ya ndani peke yake, tafuta maoni ya pili.

Kiwiko hakingoji

Mtoto wa mbwa wa miezi minne hivi anaruka kutoka barazani, anatua kwa miguu ya mbele, analia mara moja, na tangu hapo haukanyagi mguu. Hakuna gari, hakuna damu. Mara nyingi ni nundu ya upande wa nje ya ncha ya chini ya humerasi, pale kwenye kiwiko, iliyomeguka. Upande huo ndio unaopokea uzito unaopandishwa na radiasi, na mhimili wa mfupa unaoushikilia ni mwembamba kuliko wa ndani. French Bulldog na spanieli huonekana sana na tatizo hili.

Ufa umepita ndani ya kiungo. Ngazi ndogo kwenye uso wa gegedu husaga kiungo maisha yote, kwa hiyo hapa hakuna ulinganisho wa kufanya: plasta haifai, kusubiri hakufai. Skrubu moja hupitishwa kutoka upande mmoja hadi wa pili kukibana kipande, na pini ndogo huongezwa kisizunguke. Ikifanyika ndani ya siku chache za kwanza, ni operesheni yenye matokeo mazuri. Baada ya wiki mbili au tatu, mfupa wa mtoto umeshaanza kuungia mahali pasipo pake.

Gegedu la ukuaji

Mwaka 1963 Robert Salter na W. Robert Harris wa Toronto walipanga majeraha ya gegedu la ukuaji la watoto wa binadamu katika aina tano, na madaktari wa wanyama wanautumia mpango huohuo. Mvunjiko uliopita kwenye gegedu hushikwa kwa pini laini zisizo na nyuzi za skrubu, zinazopishana, na hutolewa baada ya wiki tatu au nne. Skrubu au bamba linalovuka gegedu hulifungia lisikue.

Aina ya tano ndiyo inayonifanya nisisitize kurudi kliniki. Gegedu la chini la ulna ya mbwa lina umbo la koni, kwa hiyo likipigwa haliwezi kuteleza pembeni. Linapondeka. Picha ya siku ya kwanza haionyeshi kitu. Na gegedu hilo moja ndilo linaloipa ulna takriban asilimia 85 ya urefu wake. Likifa, ulna inasimama, radiasi inaendelea kukua na kuvutwa kama upinde: mguu unapinda mbele, kitanga kinageukia nje, kiwiko kinaachana. Mwenye mbwa anadhani plasta ilifungwa vibaya, kumbe dhara lilitokea siku ya ajali. Haijalishi umechagua njia gani, piga picha tena baada ya wiki tatu hivi, miguu yote miwili. Likigunduliwa mapema, daktari anaweza kukata kipande cha ulna ili kuiachia radiasi nafasi ya kukua wima. Likigunduliwa miezi minane, kilichobaki ni kukata na kunyoosha mfupa.

Mfupa uliovunjika bila sababu

Kuna watoto wa mbwa wanaovunjika kwa kupanda ngazi tu. Ukiuliza wanakula nini, utaambiwa ugali na mapafu, au nyama tupu, "tunamlisha vizuri sana". Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mwili huchota kalsiamu kwenye mifupa ili kuziba pengo. Kwenye eksirei mfupa una kuta nyembamba, umekunjamana badala ya kukatika. Huyu usimpeleke kwenye bamba wala vyuma vya nje. Skrubu hazina cha kushika, na mfupa utavunjikia pembeni ya chuma. Chakula kamili cha watoto wa mbwa au kalsiamu kwa kipimo cha daktari, banda dogo lenye matandiko laini, na wiki kadhaa za utulivu ndiyo tiba. Mifupa ikishajaa, ndipo mguu uliopinda unazungumzwa.

Fedha zisipotosha

Wapo wanaolazimika kuchagua kati ya kumlaza mbwa kwa sindano asiamke tena na kumwacha na mguu unaoning'inia. Kabla ya hapo kuna kuukata mguu, na huwa siwaoni watu wakiambiwa hilo mapema. Unakatwa juu kabisa, pamoja na kombe la bega au kwenye kiungo cha bega, bila kuacha kigutu atakachokigongesha. Miguu ya mbele hubeba kama asilimia 60 ya uzito wa mbwa, kwa hiyo mkubwa sana au mnene atapata tabu, na mwenye kiwiko kibovu upande wa pili hafai kabisa. Lakini mtoto wa mbwa mwepesi, mwenye miguu mitatu mizima, husimama siku moja au mbili baada ya operesheni na baada ya wiki chache anakimbia uani na wenzake.